Unapotia Sahihi, Unamfunga Nani?

Somo letu la mara hii linahusu jambo ambalo wengi wetu tumelifanya mara nyingi bila kulitafakari, nalo ni kutia sahihi. Mlitia sahihi siku ya harusi yenu. Mmetia sahihi benki, katika chama cha akiba na mikopo, shuleni kwa watoto, na pengine kwa wakili mliponunua kipande cha shamba. Wengine wetu, hasa wazee, tumechovya kidole gumba katika wino tukakibandika chini ya maandishi tuliyosomewa haraka haraka na karani. Je, siku ile ulijua umekuwa nani? Maana mtu akishatia sahihi katika mapatano si yule yule aliyekuwa dakika moja kabla. Amekuwa mtu aliyefungwa na maneno yaliyo juu ya jina lake. Na ikiwa ana mume au mke, mara nyingi hajifungi peke yake.

Sisi wa Mumbuni hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mji wetu wa Machakos umeandikwa katika historia ya Afrika kwa sababu ya sahihi.

SAHIHI ZILIZOTIWA MACHAKOS

Tarehe 20 Julai 2002, baada ya mazungumzo ya wiki tano hivi, serikali ya Sudan na chama cha SPLM kutoka kusini walitia sahihi mapatano yanayoitwa hadi leo Itifaki ya Machakos. Walikuwa wamepigana tangu 1983. Kwa upande wa serikali alitia sahihi Dkt. Ghazi Salahuddin Atabani. Kwa upande wa SPLM alitia sahihi Salva Kiir Mayardit. Jenerali Lazaro Sumbeiywo, Mkenya mwenzetu aliyekuwa msuluhishi, akatia yake kama shahidi kwa niaba ya wajumbe wa nchi za IGAD. Jambo kubwa waliloafikiana ni kwamba baada ya kipindi cha mpito cha miaka sita watu wa kusini wangepiga kura na kujiamulia kama wabaki katika Sudan moja au wajitenge.

Hebu tuwatazame watu hao watatu pale mezani. Wawili walijifunga, lakini hawakujifunga wao tu. Nyuma ya kila mmoja walikuwepo mamilioni ya watu ambao hawakuwa chumbani: mama aliyekuwa akilima kusini na asiyejua hata kwamba kuna mji uitwao Machakos, kijana aliyeko jeshini, mtoto ambaye hajazaliwa. Wote hao waliguswa na kalamu ile. Ndiyo maana mtiaji sahihi huulizwa kwanza: wewe unasimama kwa niaba ya nani, na je, hao unaowasimamia wamekutuma?

Yule wa tatu, shahidi, sahihi yake ni ya namna nyingine. Yeye hakuahidi kuacha vita kwa kuwa hakuwa vitani. Alichosema kwa sahihi yake ni kwamba nilikuwepo, niliona, na mkigeuka kesho nitasema niliyoyaona. Wasimamizi wa harusi wangekumbuka hili! Wengine hudhani kazi yao iliisha keki ilipokatwa.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Wiki sita hivi baadaye, mwanzoni mwa Septemba 2002, jeshi la SPLM liliuteka mji wa Torit, na serikali ya Sudan ikaondoka kwenye mazungumzo. Wako waliosema karatasi ya Machakos imekufa. Lakini haikufa. Tarehe 15 Oktoba mwaka huo huo pande zote mbili zilitia sahihi hati nyingine, tena hapa hapa Machakos, ya kusimamisha mapigano ili mazungumzo yaendelee. Tarehe 9 Januari 2005 mapatano kamili ya amani yalitiwa sahihi jijini Nairobi. Januari 2011 watu wa kusini wakapiga kura, na tarehe 9 Julai 2011 Sudan Kusini ikawa nchi huru. Tangu sahihi ya Machakos hadi siku ile ilikuwa imepita miaka tisa kasoro siku chache.

Ninawaambia haya kwa sababu wako wanandoa ambao kila wakikosana huzungumza kana kwamba ugomvi umechana cheti cha ndoa. "Basi kila mtu ashike njia yake." Mwenye kutia sahihi hakuahidi kwamba hapatakuwa na Torit. Aliahidi kwamba Torit ikitokea atarudi mezani.

Lakini mtu yule yule mmoja anaweza kutia sahihi mara mbili kwa mioyo miwili. Mwaka 2015 Sudan Kusini ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Riek Machar alitia sahihi mapatano ya amani Addis Ababa tarehe 17 Agosti. Rais Salva Kiir, yule yule wa Machakos, hakutia siku ile. Alitia tarehe 26 Agosti mjini Juba mbele ya viongozi wa nchi jirani, na akatangaza hadharani kwamba anatia sahihi huku akiwa na mambo asiyoyakubali. Orodha ya mambo hayo aliitoa pamoja na sahihi yake. Julai 2016 risasi zikalia tena Juba. Sisemi orodha ile peke yake ndiyo iliyoleta vita, kwa maana vita huwa na mizizi mingi, na pande zote zilikuwa na lawama. Lakini wenzake walijua tangu siku ya kwanza kwamba mkono umeandika na moyo umebaki mlangoni.

NENO NA KARATASI

Kabla ya karatasi kufika Ukambani, wazazi wetu walikuwa na sahihi zao. Mbuzi wa ntheo walipopelekwa kwa wazazi wa msichana, wakachinjwa na kuliwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, hapakuwa na kalamu wala wino, lakini kila aliyekula nyama ile alikuwa shahidi. Hata mahakama za Kenya, zinapoulizwa kama watu wawili walioana kwa mila ya Wakamba, huuliza: je, ntheo ilifanyika? Ninyi vijana mnaoiona kuwa ni sherehe ya kula tu, fikirini tena.

Katika Biblia pia karatasi ya ndoa imo. Someni Kitabu cha Tobiti sura ya 7. Ragueli anampa Tobia binti yake Sara, kisha anamwita mkewe Edna alete karatasi, na mkataba wa ndoa unaandikwa. Mimi hupenda kwamba mama yupo pale. Haitwi baada ya mambo kwisha ili aandae chakula. Chakula kinakuja baadaye.

Hapa tuondoe kosa moja ambalo wanafunzi wa mafundisho ya ndoa hulirudia kila mwaka. Ukiwauliza ni saa ngapi hasa mnakuwa mume na mke, wengi husema ni pale mnapotia sahihi. Sivyo. Kanuni ya 1057 ya Sheria ya Kanisa inafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili hao, na kwamba hakuna mamlaka ya binadamu inayoweza kuitoa badala yao. Ridhaa hiyo mliitoa kwa vinywa vyenu mbele ya padri au shemasi na mashahidi wawili. Kitabu cha ndoa na cheti huandikwa baadaye ili yaliyotendeka yasipotee. Kwa ndoa, basi, neno hutangulia na karatasi hufuata kushuhudia.

Na kwa sababu ni ridhaa, Kanisa huangalia kilichoko nyuma ya neno. Aliyelazimishwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa, ndoa yake si halali. Aliyesema ndiyo huku kwa makusudi ameikataa ndoa yenyewe moyoni, hali ni hiyo hiyo. Na huwezi kufunga ndoa halali kwa sharti la mambo yajayo, kama vile "nakuoa ikiwa utanizalia mtoto wa kiume." Orodha ya mambo ya pembeni haikubaliwi altareni. (Tafadhali, asije mtu akasoma hapa kisha kesho asubuhi akimbilie kwa paroko kusema ndoa yake haikuwa ndoa kwa sababu aliogopa kidogo siku ile. Sote tuliogopa kidogo.)

Tukija kwenye shamba na madeni, mambo hugeuka. Huko neno bila karatasi halifiki mbali. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inasema mapatano ya kuuza ardhi lazima yaandikwe, yatiwe sahihi na wote wanaohusika, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo ilipotiwa. Dhamana ya deni la mtu mwingine nayo ni lazima iandikwe na itiwe sahihi na mdhamini. Tena sheria hiyo inaeleza maana ya kutia sahihi: ni kuandika jina, au herufi za mwanzo za jina, au kuweka alama yako, kuonyesha kwamba unakusudia kufungwa na yaliyoandikwa. Kidole gumba basi kina nguvu sawa na maandishi mazuri ya mwalimu. Usijitetee kwamba "mimi niliweka kidole tu."

"MAMA WATOTO, TIA HAPA"

Sasa tufike nyumbani. Tuseme mume anataka mkopo wa kununua mashine ya kusagia unga. Wazo si baya. Benki inataka hati ya shamba, na shamba hilo ndilo nyumba ilipo. Mume anajaza karatasi zote mjini, anarudi jioni, anamkuta mke jikoni, mikono ina unga. "Mama watoto, tia hapa na hapa, karani anangoja kesho asubuhi." Mke anapangusa mikono, anauliza ni kitu gani. "Ni mambo ya benki tu." Anatia. Chai inaletwa.

Mume huyu angeshangaa kuambiwa kwamba amekosa. Hakumpiga mtu, hakuiba, na sahihi ya mke anayo. Lakini sheria yetu haitaki wino wa mke. Inataka ridhaa yake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, kifungu cha 12, inasema kwamba katika ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, na ndiyo ndoa yetu sisi, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili. Ikiwa ni nyumba ya familia, kuiweka rehani au kuikodisha kunahitaji ridhaa iliyoandikwa na ya mtu aliyeelezwa akaelewa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 79, nayo inasema rehani juu ya nyumba ya ndoa ni halali tu ikiwa mwenzi anayeishi humo ametia sahihi pia au hati yenyewe inaonyesha kwamba amekubali.

Aliyeelezwa akaelewa. Tukae hapo kidogo, kwa maana hapo ndipo nyumba nyingi huanguka. Kuna kesi maarufu ya Uingereza iliyoamuliwa mwaka 1993 na mahakama ya juu ya huko wakati huo, kati ya benki ya Barclays na Bibi O'Brien. Kampuni ambayo mumewe alikuwa na hisa ilihitaji mkopo, na mke hakuwa na sehemu yoyote katika kampuni hiyo. Mume alimwambia nyumba yao ingekuwa dhamana ya pauni 60,000 tu, tena kwa wiki tatu tu. Kumbe karatasi haikuwa na kikomo hicho, na mkopo ulikuwa umeruhusiwa kufika pauni 135,000. Mke alikwenda benki akatia sahihi bila kusoma, na hakuna mfanyakazi aliyemweleza. Deni liliposhindwa kulipwa benki ikaitaka nyumba. Mahakama ilimpa mke haki. Ilisema benki inapoona mke anadhamini deni la mumewe, deni ambalo yeye halimfaidi, inapaswa kumwita pembeni bila mume kuwepo, imweleze hatari iliyopo na kumshauri apate wakili wake.

Wanaume wengine wakisikia habari kama hiyo husema ni mambo ya Wazungu kutenganisha mke na mume. Mimi naona kinyume. Mahakama ilikuwa inaitafuta ile ile ridhaa ambayo padri aliitafuta altareni alipomwuliza mke kwa jina lake, naye akajibu kwa kinywa chake. Padri hakumwuliza mume, "Je, mwenzako amekubali?"

Kwa upande mwingine, akina mama, msidhani mahakama itawaokoa kila mara. Bibi O'Brien alishinda kwa sababu alidanganywa na benki haikumwonya. Mke aliyeelezwa na wakili, akatia sahihi kwamba ameelewa, hawezi kurudi baadaye kusema "mimi nilifuata aliyosema mume wangu." Kutii hakuondoi kusoma. Na ukiwa umetoa ridhaa, sheria inakupa haki ya kujua deni linakwendaje. Mkopaji akishindwa kulipa kwa mwezi mmoja, mkopeshaji anaweza kumpa notisi ya muda usiopungua miezi mitatu. Akishindwa tena, kuna notisi ya siku zisizopungua 40 kabla ya kuuza, na nakala ya notisi hii lazima apelekewe mwenzi aliyekubali. Mume anayeificha barua hiyo chini ya godoro anamnyima mkewe siku 40 za kutafuta msaada kwa ndugu. Anadhani anamkinga na huzuni. Dalali akifika langoni huzuni itakuja pamoja na aibu.

Kwa mashamba ya kilimo kuna hatua nyingine, Bodi ya Ardhi. Sheria yake ni ya mwaka 1967, na bila idhini ya bodi uuzaji wa shamba la kilimo ni batili. Bodi nyingi zimezoea kutaka mke aje, na hata watoto wakubwa, waulizwe kama wanajua shamba linauzwa. Wazee wengine hulalamika kwamba wanaulizwa habari za mali yao mbele ya watoto wao. Lakini ni nyumba ngapi zimeokolewa na swali moja la mwenyekiti wa bodi: "Mama, umesikia?" Ndiyo maana wako wenye roho mbaya ambao huenda na mwanamke mwingine na kusema huyu ndiye mke. Hiyo ni dhambi juu ya dhambi, na kughushi sahihi ya mwenzako ni jinai inayokupeleka jela. Anayehofu kwamba shamba linauzwa kwa siri asingoje, aende kwa msajili wa ardhi kuomba kizuizi kiwekwe kwenye hati, na amwone wakili.

MDHAMINI

Deni la mtu mwingine ndilo linaloficha sahihi nyingi zaidi. Mwenzako kazini anakopa katika chama cha akiba, anahitaji wadhamini, anakuja na fomu saa ya chai. Unatia. Kusema hapana ni vigumu kwa sababu naye alikudhamini mwaka juzi. Hufikirii kumwambia mke kwa kuwa huoni kama umetoa kitu. Mfukoni hakuna kilichopungua. Kisha rafiki anafutwa kazi au anahama, na siku unapotaka karo ya kidato cha kwanza unaambiwa akiba yako imeshikwa. Mke anasikia habari hii kwa mara ya kwanza siku hiyo. Anacholia si fedha peke yake. Analia kwa sababu kwa miaka miwili amelala karibu na mtu ambaye alikuwa ameiweka rehani karo ya mtoto wao na hakusema.

Akina mama nao wana yao. Katika vikundi vya mikopo, wanachama hudhaminiana, na mmoja akikosa kulipa wenzake hujazia, au vyombo vya nyumbani huchukuliwa. Nimeona mume akirudi jioni na kukuta mahali pa kabati pamebaki alama ya vumbi ukutani. Yeye naye hakuwa ameambiwa.

Je, ni vibaya kudhamini? Kitabu cha Methali, sura ya 6, kinamwonya aliyejiweka dhamana kwa jirani, na kinamshauri aende mara moja akajinasue kama paa mkononi mwa mwindaji. Ni onyo kali. Hata hivyo vyama vyetu vya akiba vimejenga nyumba nyingi hapa Mumbuni na kusomesha watoto wengi, na visingesimama bila wadhamini. Kwa hiyo sisemi msidhamini. Nasema kabla hujatia, fikiria kwamba deni lote ni lako na kesho linadaiwa. Kama wewe na mwenzako mnaweza kulibeba, dhaminini. Kama hamwezi, mwambie rafiki yako hapana leo, naye atakukasirikia kwa wiki moja.

Na kuna neno linalosaidia ambalo halina aibu: "Nitazungumza kwanza na mama watoto." Wanaume hulikwepa wakidhani litawashusha. Lakini hata wajumbe wa mazungumzo ya amani huomba muda wa kuzungumza na waliowatuma, na hakuna anayewacheka.

Simu nayo sasa ina kalamu yake. Tangu mwaka 2020 sheria za Kenya zimetambua waziwazi sahihi ya kielektroniki katika mikataba. Ukibonyeza "nakubali" au kuweka namba yako ya siri ili kuchukua mkopo wa simu saa tano usiku, umejifunga kama aliyekaa mbele ya wakili. Tofauti ni kwamba hapa hakuna shahidi, hakuna karani, na mwenzako amelala.

MKITIA MKIWA WAWILI

Nabii Yeremia alinunua shamba kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Sura ya 32 inaeleza hatua zote: hati iliandikwa, ikatiwa sahihi na muhuri, mashahidi wakaitwa, fedha ikapimwa mbele yao, kisha hati zikawekwa katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Tena alifanya hayo mji ukiwa umezingirwa na adui. Kama nabii alipata muda wa kufuata hatua zote wakati wa vita, karani anayekuambia "harakisha, tunafunga ofisi" asikutishe.

Basi, karatasi ije nyumbani kwanza. Ilale nyumbani usiku mmoja. Msomee mwenzako kwa sauti, hata kama yeye amesoma kuliko wewe, kwa sababu sikio husikia ambacho jicho limeruka. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili na hamkielewi, tafuteni mtu wa kuwafafanulia ambaye hana faida katika jambo hilo. Anayewauzia si mfafanuzi wenu. Msitie kamwe kwenye fomu yenye nafasi tupu za kujazwa baadaye. Ombeni nakala, na wote wawili mjue ilipo. Wajane wengi wameteseka si kwa kukosa haki bali kwa kutojua chombo cha udongo kiliwekwa wapi.

Na je, mwenzako akikataa? Hili ndilo swali gumu, na wengi mngependa nilipite. Mume ana mpango mzuri, ameufikiria mwaka mzima, mke anaogopa na kusema hapana. Au mke ana nafasi ya biashara sokoni na mume hataki kusikia. Nitasema wazi ninavyoona. Mtu asiyeruhusiwa kusema hapana, ndiyo yake haina maana. Ukimpiga, ukimnunia wiki mbili, ukimnyima fedha ya chakula hadi atie, umepata wino, ridhaa hukuipata. Kaeni tena. Muulize anaogopa nini hasa. Mara nyingi utakuta haogopi mashine ya unga. Anaikumbuka ile pikipiki ya zamani iliyonunuliwa kwa mkopo na ikaishia gereji. Mjibu kuhusu pikipiki. Punguzeni mkopo, au tafuteni dhamana nyingine isiyo nyumba. Mkishindwa kabisa, waiteni wasimamizi wenu wa harusi. Walitia sahihi kwamba watashuhudia, na hii ni nafasi yao. Na naye anayekataa asikatae kwa mazoea. Asome kwanza, kwa kuwa hapana isiyosomwa haina heshima kuliko ndiyo isiyosomwa.

Kwa aliye na karatasi aliyoitia sahihi kwa siri, mwenzi wake hajui hadi leo: mwambie kabla barua haijafika. Usianze na sababu. Anza na kiasi, tarehe, na jina la anayedai, kisha nyamaza usikilize. Kama unaogopa, zungumza kwanza na padri wako, lakini usiishie kwake.

YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

Kila mmoja ataje mapatano yote ambayo jina lake limo kwa sasa: mikopo, dhamana, ununuzi wa shamba, vikundi, mikopo ya simu. Kuna lolote ambalo mwenzako analisikia leo kwa mara ya kwanza?

Hati ya shamba na cheti cha ndoa viko wapi? Nani mwingine anajua?

Someni Nehemia sura ya 10. Wakuu, Walawi na makuhani wanatia muhuri, lakini wake na wana na mabinti, wote wenye uwezo wa kuelewa, nao wanaingia katika kiapo kile. Katika nyumba yenu, mtoto mwenye umri gani anaweza kuambiwa kwamba shamba limewekwa rehani?

Wasimamizi wenu wa harusi walitia sahihi mwaka gani, na mara ya mwisho mlizungumza nao lini?